Uzi: Kabla hujakodi bustani bondeni Lushoto, tazama kwanza mlima ulio juu yake

#1 Mwana wa Mlalo

Wakuu, salaam. Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti: nikikodi eka moja ya bustani Lushoto nilime kabichi na karoti, italipa? Wote wako Dar. Wote wamewahi kupanda barabara ya Mombo kwenda Soni, wakaona mabonde yalivyo kijani wakati huku chini nyasi zimekauka, wakarudi mjini wameshapiga hesabu. Nimeona niandike hapa mara moja, kila mwenye nia asome. Nimezaliwa kwenye bonde upande wa Mlalo, nimelima humo, na mama yangu analima humo mpaka leo.

Nianze na mlima wenyewe. Usambara haukutokana na volkano kama Kilimanjaro au Meru. Ni miamba ya kale mno iliyonyanyuliwa ardhi ilipopasuka, sehemu ya safu ya Tao la Mashariki inayoanzia Taita kule Kenya, ikaja Upare, Usambara, Nguru, Uluguru hadi Udzungwa. Ndiyo maana kingo zake zimesimama kama ukuta. Mombo uko kwenye mita 400 na kitu, Lushoto mjini karibu mita 1,400, na barabara kati yake ni kama kilomita 33 tu. Juu zaidi, misitu ya Magamba na Shagayu inavuka mita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi sita, kwa hiyo aliyeshuka kwenye basi Mombo anajipepea kwa gazeti, akifika Lushoto usiku wa Julai anaulizia blanketi la pili.

Mvua yetu inatoka Bahari ya Hindi. Upepo ukigonga mlima unapanda, unapoa, unamwaga maji. Usambara Mashariki ndio wa kwanza kupokea, na Amani inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Sisi wa Magharibi tunapata kama nusu ya hiyo, tena inatofautiana kijiji hadi kijiji. Ukisimama ukingoni ukatazama upande wa Mkomazi unaona mibuyu na miiba, nchi ya rangi ya vumbi, kwa sababu mlima umeshaikamata mvua kabla haijafika huko.

Wazee wetu walikuwa na majina mawili yanayotosha kueleza yote haya: shambaai na nyika. Shambaai ni huku juu kwenye ubaridi, migomba na maji. Nyika ni chini kwenye joto, ukame na homa. Hawakuhitaji kipimo. Walitazama mimea iliyoota mahali, wakajua wamesimama upande gani.

Naendelea, msiufunge uzi.

#2 Mwana wa Mlalo

Sasa kosa la kwanza la wageni. Wanadhani bonde lina hali ya hewa moja. Bonde moja la kwetu lina hali tatu au nne, na unaweza kuzipita zote kwa miguu kabla chai haijachemka.

Mwezi wa saba nilikuwa nashuka bustanini saa kumi na moja alfajiri kufungulia maji. Hewa ya baridi ni nzito, usiku kucha inateleza kutoka mteremkoni na kutuama chini kama maji kwenye bakuli. Pale kwenye kabichi vidole vilikuwa vinakufa ganzi kwenye mpini wa jembe, na jani ukilikunja linavunjika kwa mlio. Nikimaliza napanda kurudi nyumbani. Kuna mahali, usawa wa mgomba wa kwanza, ambapo hewa inabadilika ghafla. Unaihisi usoni, vuguvugu, kama umepita karibu na jiko. Hatua ishirini nyuma ulikuwa unatetemeka. Sikuwahi kufundishwa shuleni kwa nini migomba ya kwetu haipandwi chini kabisa bondeni. Nilijua kwa uso wangu.

Ndiyo maana nyumba zetu na migomba na kahawa ziko katikati ya mteremko. Juu yake ni maharage na mahindi, kisha miwati na mikaratusi, kisha msitu. Chini kabisa ni mboga. Mtu akikuonyesha eka ya bondeni, amekuonyesha chumba kimoja cha nyumba yenye vyumba vinne.

#3 Kijana wa Tabata

Mkuu mimi ni mmoja wa hao watatu, haha. Lakini mbona hicho chumba kimoja ndicho chenye pesa? Maji yapo mwaka mzima, udongo mweusi, gari linafika. Mimi nitafuata nini huko mteremkoni kwenye mahindi?

#4 Mwana wa Mlalo

Swali zuri ndugu yangu, na ndilo linalonifanya niandike.

Mama yangu ana vipande vitano. Viwili viko bondeni, vidogo, kimoja hakifiki robo eka. Viwili viko mteremkoni kuzunguka nyumba. Kimoja kiko chini nyikani, upande wa Mng'aro, mwendo wa kutwa kwa miguu kushuka na kupanda. Nilipokuwa kidato cha pili nilimwambia avibadilishe apate shamba moja kubwa, aache kutembea. Alinijibu: "Mvua haiwezi kunikosa mahali pote kwa siku moja." Sikumwelewa.

Angalieni majira yetu. Vuli inaanza Oktoba hadi Desemba. Masika ni Machi hadi Mei. Halafu tuna mluati, mvua nyepesi za kipupwe, Julai kwenda Septemba, zinazoishia juu mlimani. Nyikani hazifiki. Kwa hiyo wakati wenzetu wa tambarare wanasubiri vuli, sisi tumeshasia mbegu. Vuli ikikataa, mluati unaweza kuwa umeshakupa maharage. Masika yakizidi yakaozesha viazi bondeni, mahindi ya nyikani yamefurahi. Mwaka wa ukame nyika inakufa, bonde linabaki. Kila kipande kina mwaka wake wa kukulipa.

Na kila kipande kina adui wake. Bondeni ukungu ukikaa siku tatu nne jua halijatoka, majani ya viazi yanapata mabaka meusi, na wiki haiishi shamba zima limekuwa kama limemwagiwa maji ya moto. Kuna sota, viwavi wanaokata miche ya kabichi usiku usawa wa ardhi, asubuhi unakuta imelala kama imekatwa kwa wembe. Kuna mnyauko unaokaa kwenye udongo, na ukishaingia bustanini viazi na nyanya utavipumzisha misimu kadhaa utake usitake. Aliyekodi eka moja ya bondeni, wote hao ni wake peke yake, msimu mmoja, na kodi ameshalipa.

#5 Mpare wa Same

Nathibitisha. Kwetu Upare ni hivyo hivyo, tena wazee walichimba ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenye mifereji kwa zamu. Familia ilikuwa na kipande juu na kipande tambarare. Siku hizi vijana wanauza cha juu wanabaki na cha chini, halafu wanagombania maji.

#6 Mkinga wa Makete

Wakuu, sisi upande wa Kitulo tuko juu zaidi, kwenye mita 2,600 hivi. Juni na Julai barafu ya alfajiri inalala juu ya majani, jua likipiga viazi vinageuka vyeusi. Na kweli inaanzia bondeni. Aliyepanda kwenye kilima anapona, aliyepanda kwenye kibonde analia, na mashamba yanatazamana. Mzee wangu alikuwa anasema baridi hutafuta mahali pa kukaa.

#7 Mwana wa Mlalo

Asante sana mkuu wa Makete, hiyo ya baridi kutafuta mahali pa kukaa nimeihifadhi.

Sasa nisimulie lililonifanya niwe na msimamo. Mwisho wa 1997 kuingia 1998 ilikuja mvua ya El Niño, wengi mnaikumbuka. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa amepanda viazi bustani zote mbili za bondeni, na mwaka ule alikuwa amekodi na ya jirani juu yake, kwa sababu bei ya msimu uliopita ilikuwa nzuri. Viazi vilikuwa vimeshatoa maua. Mvua ilinyesha siku kadhaa bila kukata. Usiku mmoja tulisikia mngurumo, tukadhani ni radi inayozunguka. Ulikuwa mteremko wa ng'ambo. Kipande chenye mahindi machanga kilichomoka kikashuka kwenye kijito, maji yakaziba, yakajaa, kisha yakapasuka.

Asubuhi hapakuwa na bustani. Palikuwa na mchanga mweupe, safi, umesambaa kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati shina la mti lenye mizizi hewani. Baba alipiga magoti akaanza kuchimba kwa mkono. Mchanga ulimfika kwenye kiwiko ndipo akagusa jani. Alilivuta likatoka, bado la kijani. Akalishika tu. Hatukusema neno.

Kilichotulisha mwaka ule ni magimbi na ndizi za mteremkoni, na maharage ya kipande cha mama nyuma ya nyumba. Bustani ilichukua miaka mitatu kurudi, tukibeba samadi kichwani ndoo kwa ndoo.

Na ule mteremko ulioporomoka haukuwa wetu. Hilo ndilo ninalotaka mlishike. Bustani ya bondeni usalama wake uko mikononi mwa mtu anayelima juu yako, ambaye hamjawahi hata kusalimiana.

#8 Bibi Shamba Mstaafu

Mwanangu umeandika vizuri, nimesoma mara mbili. Mimi nimekuwa bibi shamba Usambara miaka mingi, sasa nipo Bumbuli napumzika na ng'ombe wangu wawili. Niongeze kidogo, maana kuna historia hapo.

Habari ya kukinga udongo si ngeni kwa Mlalo. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wake hapo bondeni kwenu. Watu walilazimishwa kuchimba matuta miteremkoni. Kazi nzito yenyewe iliwaangukia wanawake, na matuta yalikula eneo ambalo mtu angepanda chakula. Wasambaa waliukataa, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1950 ukawa umekufa. Lakini mteremko uliendelea kushuka, maana kukataa kulazimishwa hakuzuii mvua.

Halafu kuanzia 1981 ulikuja mradi wa kuzuia mmomonyoko na kilimo mseto, Wajerumani wakisaidia, ukaenda hadi 2000. Hapo ndipo tulipobadilisha njia. Hatukuanza na tuta, tulianza na ng'ombe. Tulimwambia mama: panda majani ya Guatemala kwenye mistari inayofuata usawa wa mlima, ukate umlishe ng'ombe wa maziwa bandani. Akapata maziwa, akapata samadi. Na ule mstari wa majani ukawa unakamata udongo kila mvua ikinyesha, mpaka baada ya miaka tuta limejijenga lenyewe. Sehemu nyingine walifuata, nyingine walichoka. Ukipita leo unaweza kutambua kwa macho shamba la mama aliyeshika na la jirani yake aliyeacha.

Na usisahau barabara, mwanangu. Maporomoko mengi niliyoyakagua yalianzia kwenye mdomo wa kalavati lililomwaga maji yote sehemu moja.

#9 Mwana wa Mlalo

Shikamoo mama. Asante kwa kuja. Hilo la kalavati nilikuwa silijui vizuri, na sasa nimekumbuka juu ya ule mteremko wa 1998 palikuwa na barabara mpya.

Maneno yako yamenikumbusha pia neno la wazee: kuzifya shi, kuiponya nchi. Enzi za Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa, tangu Mbegha yule mwindaji wa nguruwe hadi Kimweri ye Nyumbai aliyefariki 1862, kazi ya mfalme wa Vuga ilikuwa hiyo. Nchi yote ikiwa na mkubwa mmoja, mvua inakuja kwa wakati. Wakubwa wakigombana nchi inaumia. Kimweri alipokufa warithi wakapigana, na wazee wakasema nchi imeharibiwa. Mimi siongelei uganga hapa. Naona waliuelewa mlima: maji yanayoanzia kwa mmoja yanaishia kwa mwingine, kwa hiyo lazima pawe na sauti moja juu ya maji.

Mto Umba unaanzia huko kwetu, kwenye misitu juu ya Mlalo, unashuka nyikani na kwenda kuingia baharini karibu na Vanga, Kenya. Upande wa pili maji ya Soni yanakwenda mto Pangani. Mtu anayekata mti Shagayu anamgusa mvuvi ambaye hata Kisambaa hajawahi kukisikia. Mjerumani alikuja akaiona misitu hiyo kama mbao: reli kutoka Tanga ilifika Mombo 1905, kisha wakaning'iniza waya kutoka Shume hadi Mkumbara wa kuteremshia magogo ya mwangati. Lushoto yenyewe waliita Wilhelmstal. Kilichobaki cha msitu ndicho kinachokunywa ukungu na kuutoa polepole kama maji ya kijito mwezi wa tisa. Ule ukijani uliouona toka dirisha la basi, ndugu yangu wa Tabata, unatoka huko.

#10 Kijana wa Tabata

Mkuu nimekuelewa, na pole kwa mzee. Lakini nisaidie na soko. Jamaa mmoja kaniambia kabichi zinaondoka shambani zenyewe, fuso zinapanga foleni Lukozi.

#11 Mwana wa Mlalo

Fuso zinapanga foleni, kweli. Siku zingine hazipangi.

Kabichi inakomaa kama miezi mitatu tangu kuhamisha miche. Maana yake walioona bei nzuri mwezi huu wote watapanda, na wote watavuna pamoja. Karoti ikichimbwa haisubiri. Dalali analijua hilo kuliko wewe. Atakuja bustanini, atatazama, atataja bei, atakwenda kwa jirani. Kesho atarudi na bei ya chini zaidi, na wewe umeshaona kabichi mbili zimepasuka.

Halafu kuna lumbesa. Sheria inasema kifungashio kisizidi kilo 100, lakini kwenye viazi na kabichi gunia linashonewa kilemba, linasimama kama mtu kabeba mtoto mabegani, na unalipwa kama gunia moja. Nimemshikia mama sindano ya kushonea, nimeona viazi vinavyoingia kwenye kile kilemba. Ni ndoo nzima na zaidi. Hiyo ndoo amebeba maji kwa ajili yake, amepalilia, amepulizia dawa, ameitoa ardhini kwa kucha. Inaondoka bure. Hili linaniuma kuliko ukungu na sota, maana ukungu hauna macho.

Mwenye vipande vitano anaweza kumwambia dalali "nenda tu", kwa sababu nyumbani kuna ndizi na maharage. Aliyekodi eka moja, kodi inamsukuma, hana ubavu wa kusema hivyo.

#12 Mwl. wa Soni

Nichangie kama mtu wa huku. Watu ni wengi mno, sensa ya 2012 ilihesabu karibu laki tano kwenye wilaya ya Lushoto kabla hata ya ile ya 2022. Ardhi imegawanywa baba kwa mtoto mpaka mtu anarithi mistari saba ya migomba. Vipande vitano kama vya mama yako, vijana wetu watavipata wapi?

#13 Mwana wa Mlalo

Mwalimu, hapo umenigusa, na sina jibu kubwa. Najua ninachokiona kijijini: vijana wanne wa ukoo mmoja wameacha kugawana. Mmoja analima bondeni, mmoja anafuga na kukata majani mteremkoni, mmoja ana plamu na peasi juu, mmoja yuko Mng'aro na mpunga. Wanakula chungu kimoja. Wanagombana, lakini wanakula. Kwangu mimi hiyo ndiyo njia ya mama kwa watu wasio na ardhi ya mama.

#14 Kijana wa Tabata

Basi nishauri kama mdogo wako. Nina akiba ya msimu mmoja tu. Nifanyeje?

#15 Mwana wa Mlalo

Usilipe kodi kabla hujaja. Njoo mara mbili. Njoo Septemba mwishoni ukaone kijito kikiwa kimepungua kabisa, uone ni nani anayefungulia maji, na zamu ya kipande chako inafika saa ngapi. Kisha rudi katikati ya masika, Aprili, siku ya mvua, vaa buti. Usiitazame bustani, panda juu yake. Kama maji yanayoshuka ni mekundu mazito, huyo wa juu hana majani kwenye mistari yake, acha. Kama yanashuka yamechujika, mtafute mwenye shamba, msalimie, mjue jina.

Ukikosa bonde la hivyo, usione aibu kukodi nusu eka mteremkoni, uweke maharage, na bondeni uchukue tuta chache tu za karoti kujifunza. Na uingie ubia na mtu wa hapo badala ya kumlipa na kuondoka.

#16 Kijana wa Tabata

Nimekubali. Septemba nipo. Hayo majani ya Guatemala mbegu zinauzwa wapi?

#17 Bibi Shamba Mstaafu

Hayauzwi kwa mbegu mwanangu, ni vipande vya shina kama muwa. Mvua ya kwanza ya masika ikishalowesha udongo, kata vyenye pingili mbili au tatu, laza kidogo, fukia pingili moja iwe ndani, mstari ufuate usawa. Msimu wa kwanza usimkatie ng'ombe, yaache yashike mizizi. Ukipita Bumbuli nitakupa mzigo wa kuanzia, ninayo mengi nyuma ya banda.